Milio Arobaini na Miwili

Jioni ile Binti Fundi alitoka uani kuanua nguo. Hivyo ndivyo angekuambia kama ungemuuliza. Lakini nguo zilikuwa zimekauka tangu saa nane, kamba yenyewe ilikuwa hatua nne tu kutoka mahali mumewe alipozoea kuegesha gari, na saa ilikuwa kumi na mbili na nusu. Alianua shuka moja. Akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Gari likaingia.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, la siku nyingi, na taa moja ya mbele ilikuwa imefifia. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha hesabu sekondari, alilizima, akachukua mkoba na rundo lake la madaftari, akamsalimu mkewe na kuingia ndani kuoga. Binti Fundi aliitikia bila kugeuka. Alikuwa na shughuli. Alikuwa akisikiliza.

Ti... ti... ti... ti...

Jina la Binti Fundi alilipata gerejini kwa marehemu baba yake, enzi zile akiwa mtoto wa kukaa juu ya tairi bovu na kuuliza maswali. Baba mtu alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na mafundi wengine walimcheka kwa ajili yake. Gari likiletwa, alimwambia mwenyewe alizime kwanza. Kisha aliinua mkono, na spana zote gerejini zikanyamaza. Alisema injini ikiwa inanguruma hata kiziwi anaisikia, yeye alitaka kuisikia inavyokwenda kupumzika. Kwanza feni, inayoendelea kuzunguka kidogo baada ya ufunguo kutolewa. Halafu maji kwenye rejeta, yakiguguma. Halafu vyuma vya bomba la moshi, ambavyo vilitanuka kwa joto na sasa vinajikunyata vikipoa. Ti, ti, ti. Haraka haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha kimya. Gari lililotoka mbali hulia sana, lililotoka karibu hulia kidogo. Mzee yule aliweza kumwambia mteja, "Wewe hukutoka nyumbani leo," na watu wakaangua kicheko, isipokuwa mteja.

Binti Fundi aliolewa na ujuzi huo kichwani, na hakuuacha ukae bure. Kutoka shule hadi nyumbani, milio ilikuwa arobaini na miwili. Siku za mvua thelathini na mitano. Mwalimu akipitia kituo cha mafuta, hamsini. Miaka sita alihesabu na miaka sita hakumwambia mtu. Mwanamke ana haki ya kuwa na siri moja ndogo, alijiambia, hasa ile inayomsaidia kujua siri za mwenzake.

Jioni ile alihesabu tisini na mmoja.

Alisimama na shuka mkononi mpaka giza likaanza kuingia. Mwanamke mwingine angekwenda mlangoni pa bafu akauliza, Mwalimu, umetokea wapi? Lakini huyu wetu wivu wake haukuwa wa kuuliza. Ulikuwa wa kukaa jikoni, kukata vitunguu vidogo kuliko vinavyotakiwa, na kukusanya ushahidi.

Na ushahidi haukukosekana. Kesho yake themanini na minane. Keshokutwa tisini na sita. Siku ya nne Mwalimu alisema mezani kwamba mwalimu mpya wa muziki amewavunja mbavu ofisini. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile anamtaja. Binti Fundi aliwahi kumwona mwanamke huyo kwenye mahafali ya shule. Alikuwa mrefu, miguu haiishi. Asubuhi iliyofuata, Mwalimu akiwa anapiga mswaki, Binti Fundi alinyata hadi garini akafungua mlango wa upande wa abiria.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho.

Yeye alikuwa mfupi. Kiti kile alikuwa akikisogeza mbele kila alipopanda, mpaka magoti yalikaribia kugusa dashibodi. Mtu aliyekaa pale alikuwa na miguu mirefu, na alikaa kwa raha zake. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili, akalia kidogo, kimyakimya, kisha akajipangusa uso kwa pindo la gauni na kwenda kumwekea mumewe chai.

Nyuma ya soko kulikuwa na mwanamke aliyeshona vitambaa vya viti vya magari. Walimwita Mama Viti. Watu wengi walijua kwamba mshono wake hauachii. Wachache, na hao hawakusema kwa sauti, walijua kwamba baadhi ya vitambaa vyake hushonewa kitu ndani, mlinzi asiyeonekana.

Binti Fundi alimkuta peke yake, ameinamia cherehani. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani, nguo mpya, na kitu kingine chini yake... kama nywele zilizoungua. Alianza kujieleza, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu aliona haya. Binti wa fundi yule mashuhuri, mke wa mwalimu, aje kwa Mama Viti kulilia mume? Akasema shida si yake. Ni ya jirani yake.

Mama Viti aliacha kukanyaga pedali.

"Jirani mwenyewe yuko wapi?"

"Ameona haya kuja."

"Basi mlinzi hatamjua."

"Atamjua tu, si ndiye mke?"

"Mlinzi humjua anayeonyeshwa," Mama Viti alisema polepole. "Nikimshona bila mke kuwepo, nitamwambia kazi moja. Amlinde huyo mwanamume, mwanamke asimsogelee. Mwanamke. Unanielewa? Rudi ukamlete jirani yako."

Ilikuwa nafasi ya kusema ni mimi. Neno lenyewe lilifika hadi kwenye ulimi. Akamwona mwanamke yule akimtazama kwa jicho la kungoja, akahisi uso unamwaka, na akalimeza. Alisema jirani hawezi kuja, na kwamba kama kazi haiwezekani aambiwe aende kwingine. Mama Viti alimtazama muda mrefu, kisha akavuta kitambaa cha rangi ya damu ya mzee.

Alishona hadi jioni. Katikati ya mshono aliweka kitu alichokikunja kwenye kiganja, na alipokiweka alinong'ona, na cherehani ikaendelea kwenda ingawa mguu wake ulikuwa umetoka kwenye pedali. Binti Fundi aliliona hilo. Alijiambia hakuliona.

"Mwambie jirani yako," Mama Viti alisema akimkabidhi. "Kiti kikivaa kitambaa hiki, kina mwenyewe. Kisikae kitupu tena."

Mwalimu alifurahia zawadi. Alisema gari sasa limekuwa la waziri, akalipiga honi mara mbili akitoka. Siku hiyohiyo alirudi na kisa. Mvua ilikuwa imenyesha, alikuwa amempa lifti mwalimu wa muziki hadi kituo cha basi, na mwanamke wa watu alishuka katikati ya safari huku akitetemeka, akasema mkanda unamnyonga. Alikimbia kwenye mvua bila viatu. Ajabu, Mwalimu alisema, maana mkanda ule haujawahi kuwa na tatizo. Binti Fundi alimpa pole kwa niaba ya mwenzake, akaenda jikoni, akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo na kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Usingizi aliolala usiku ule hakuwa ameulala tangu jioni ile ya milio tisini na mmoja.

Kicheko hicho kilidumu siku tano.

Siku ya sita Mwalimu alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mapema. Alizima gari. Binti Fundi, nyuma ya mlango wa jikoni, akaanza kuhesabu. Kwa kawaida mumewe alikuwa ameshatoka kabla ya mlio wa kumi. Safari hii alibaki ndani. Ishirini. Arobaini. Sabini. Tisini na mitatu. Kimya.

Na katika kimya hicho, sauti ambayo haikuwamo katika mafunzo ya baba yake.

Kwiii...

Aliijua. Ilikuwa springi ya kiti cha abiria. Hulia hivyo mtu anapogeuka kukaa vizuri. Aliinua pazia kwa kidole kimoja. Mwalimu alikuwa nyuma ya usukani, kichwa amekilaza upande wa kiti kitupu, na midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akizungumza. Kisha alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza jibu, na akatabasamu.

Alipoingia ndani alisema alikuwa anapumzika. Alinuka mafuta ya cherehani.

Kuanzia hapo alikaa garini kwa muda mrefu zaidi kila jioni. Robo saa. Nusu saa. Chakula kilipoa, Binti Fundi akakipasha, kikapoa tena. Kitandani mumewe alilala ukingoni, na mkewe alipomgusa bega alijivuta, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeguswa na mgeni. Usiku mmoja, katika usingizi, alisema, "Ngoja kidogo, nakuja." Binti Fundi alikaa kitako gizani na wivu ukamla. Mwalimu wa muziki angalau alikuwa na miguu, unaweza kumwonyesha kidole. Huyu utamshika wapi? Na lililomchoma zaidi ni kwamba mwenzake huyu alikuwa amemleta mwenyewe, akamtandikia na kumkaribisha.

Jumapili walikwenda kumtembelea kaka yake Binti Fundi, ambaye ndiye aliyerithi gereji ya baba. Kabla ya kuondoka Binti Fundi alivuta mlango wa abiria. Ukagoma. Akavuta tena.

"Panda nyuma tu," Mwalimu alisema bila kumtazama. "Huo umekwama."

Akapanda nyuma. Mke wa ndoa, kwenye gari la mumewe, amewekwa nyuma na kapu la matunda. Walipofika kwenye kona ya kwanza jua liliingia ndani likamulika kiti cha mbele.

Mkanda ulikuwa umefungwa.

Na kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kilikuwa kimebonyea. Mahali pa makalio. Mahali pa mgongo. Katikati hapakuwa na mtu.

Alilikumbatia kapu na kutazama miguu yake hadi walipofika.

Gerejini, Mwalimu alibaki garini akisema kichwa kinamgonga. Kaka mtu alitoka chini ya lori huku akijifuta mikono. Alikuwa mwanamume mrefu wa kuinama kila mlangoni. Alimsalimu mdogo wake kwa utani kwamba amekonda, je, shemeji anamnyima chakula? Kisha alisema kitu kwa sauti ya kawaida kabisa, akitafuta spana kwenye boksi.

"Ile feni ya gari lenu nimeipata. Nitakuja Jumamosi kuifunga."

"Feni gani?"

"Feni ya rejeta. Si imekufa karibu mwezi mzima? Gari linapanda joto vibaya. Shemeji aliniita nilicheki pale shuleni, tukalizungusha kidogo, nikamwambia aliendeshe polepole mpaka nipate nyingine. Akaniomba nisikuambie, maana ulishamwonya kuhusu hiyo feni na anaogopa utamsema." Alicheka. Kisha akaona uso wa dada yake na kicheko kikaisha. "Lakini wewe si ungesikia? Likizimwa, feni haizunguki kabisa. Binti wa baba, hukusikia hilo?"

Hakusikia. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo baba yake aliwafundisha kulisikiliza, na jioni baada ya jioni halikuwapo, na yeye alikuwa ameyaelekeza masikio yake yote kwenye kuhesabu. Gari halikuwa limetoka mbali. Lilikuwa na homa. Mumewe alikuwa ametoka shuleni kuja nyumbani, kama siku zote.

"Ulipolicheki," aliuliza, "ulikaa kiti cha abiria?"

"Nilikisukuma nyuma hadi mwisho na bado magoti yalinifika kidevuni. Kwani nini?"

Kwa Mama Viti alifika kesho yake kabla duka halijafunguliwa. Alikaa kizingitini akalia wazi, bila kujali nani anapita. Mwanamke yule alipofika alimpita, akafungua kufuli, akawasha taa, akaketi.

"Si jirani," Binti Fundi alisema.

"Nilijua."

"Ulijua na ukashona?"

"Nilikuambia umlete mke. Nilikuambia mlinzi humjua anayeonyeshwa. Mimi nashona ninachoagizwa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anayeeleza kwa nini gauni limebana. "Mlinzi aliambiwa mwanamke asimsogelee mumeo. Amewatafuta wote, amemkuta mmoja tu ambaye hatoki. Ni wewe."

Ilibaki njia moja. Aliielezea taratibu, akamfanya Binti Fundi airudie. Angoje gari lizimwe. Kabla vyuma havijapoa, akae kwenye kiti kilekile, aseme, *Mimi ndiye mke wa nyumba hii, kazi imekwisha, rudi ulikotoka.* Basi.

"Usiongeze neno," Mama Viti alisema. "Usigombane naye. Na kiti chenyewe usikidai kuwa chako. Nilikuambia hakikai kitupu. Mwache aondoke akidhani bado ni chake. Kitambaa utaniletea mimi nikifumue."

Jioni hiyo hakwenda kuanua nguo. Alizifua makusudi na kuziacha kambani. Alivaa gauni lake la maua, lile alilolivaa siku Mwalimu alipokuja kwao mara ya kwanza, akasimama penye ukuta. Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano gari likaingia. Injini ikazimwa.

Feni haikuzunguka. Safari hii aliusikia ukimya wake vizuri sana.

Ti... ti... ti...

Alipiga moyo konde, akavuta mlango wa abiria. Ukafunguka kabla hajauvuta sawasawa. Harufu ikampiga usoni, mafuta ya cherehani na nywele zilizoungua. Mkanda ulikuwa umeachia, umening'inia. Akaketi. Kiti kilikuwa cha baridi, baridi ya kitu kilichotoka kisimani, na kilimpokea kwa kubonyea mahali ambapo tayari palikuwa pamebonyea. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Anatabasamu.

"Mimi ndiye mke wa nyumba hii," alinong'ona.

Ti... ti...

"Kazi imekwisha..."

Hapo akasikia pumzi sikioni. Si yake. Na sauti ya kike, ndogo, yenye subira, ikihesabu pamoja na vyuma.

*Ishirini na nane... ishirini na tisa...*

Mtu huyu pia alikuwa akihesabu. Alijikaza. Yalikuwa yamebaki maneno mawili tu, rudi ulikotoka, na yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Mwalimu, bila kufumbua macho, alinyoosha mkono, akaupitisha mbele ya mkewe bila kumgusa, na kuubembeleza ukingo wa kile kitambaa.

"Usimjali, Tausi wangu," alisema kwa upole. "Ataondoka sasa hivi."

Tausi wangu. Hilo jina alimpa Binti Fundi kwenye barua, walipokuwa wachumba. Miaka minne hakulisikia. Alidhani limekufa kama mambo mengi ya uchumba yanavyokufa, na alikuwa amekubali. Kumbe lilikuwepo. Lilikuwa limewekwa, linatumika, linapewa mwingine.

Kila alichoambiwa kikamtoka kichwani.

"Toka!" alisema, na sauti ilimpasuka. "Toka hapa. Hiki kiti ni changu. Ni changu mimi, peke yangu!"

Pumzi ikaondoka sikioni.

Vyuma vikanyamaza.

Kachak.

Mkanda ulikuwa umempitia kifuani na kujifunga. Alikishika kifungo, akakibonyeza, akakibonyeza tena. Mlango wa upande wake ulifunguka polepole, ukakaa wazi kwa muda wa mtu kushuka, ukafungwa taratibu, kwa adabu.

Mwalimu alifumbua macho. Alipangusa uso kama mtu aliyeamka, akatazama kiti cha pembeni yake, akatazama moja kwa moja mahali alipokuwa mkewe. Alikunja uso kidogo. Kisha akachukua mkoba na madaftari yake, akashuka. Binti Fundi alimwita. Alimwita kwa jina lake, akamwita mume wangu, akapiga kioo kwa ngumi mbili. Masikioni mwake mwenyewe ilisikika sauti moja tu.

Kwiii.

Kwenye kamba ya nguo alikuwa amesimama mwanamke. Mfupi. Amevaa gauni la maua, ana shuka mkononi, analikunja.

"Leo umewahi, mume wangu," mwanamke alisema, kwa sauti ambayo Binti Fundi aliijua, kwa kuwa ilikuwa yake.

Mwalimu alimshika bega, naye hakujivuta. Wakaingia ndani pamoja. Mlango wa jikoni ukafungwa, na baadaye kidogo zikasikika sahani.

Jumamosi kaka yake alikuja kama alivyoahidi, na feni chini ya kwapa. Alifanya kazi saa nzima huku boneti likiwa juu. Binti Fundi aliuona mkono wake kupitia uwazi mdogo chini ya boneti, ule mkono wenye kovu la maji ya rejeta, na alimwita mpaka akaishiwa nguvu. Alipomaliza, aliwasha injini, akaiacha ichemke, akaizima. Kisha akainua mkono juu, kama baba yao. Hata ndege kwenye ukuta walikuwa wametulia.

Feni ilizunguka kidogo, ikaisha. Maji yaliguguma. Halafu vyuma.

Ti... ti... ti...

Mwanamke wa gauni la maua alikuwa amesimama kando yake na kikombe cha chai.

"Hiyo ti ti ti ni nini, kaka?"

Mkono wa kaka ulibaki hewani. Alimgeukia dada yake, akamtazama usoni, akamtazama machoni, kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Ndani ya gari Binti Fundi aliacha kupumua. Mwone, aliomba. Kaka yangu, mtazame vizuri. Akakusanya nguvu zake zote, akajitupa mbele dhidi ya mkanda, akapiga ukelele wa mtu anayeachwa.

Kwiii.

Kaka alishtuka, akageukia kioo. Alisogea hadi dirishani, akainama, akaweka viganja kando ya macho ili aone ndani. Uso wake ulikuwa mbele ya uso wa dada yake, umbali wa kioo tu. Alitazama kiti. Alitazama mkanda uliofungwa.

Kisha akashusha pumzi na kucheka, kicheko cha mtu anayejiona mjinga.

"Springi ya kiti hiki imelegea," alisema. "Ngoja nichukue grisi."

"Iache tu, kaka," mwanamke alisema, akampa chai yake. "Nimeshaizoea."